John Howard: tajiri aliyezunguka magereza ya Ulaya

Wandugu wasomaji, wa mama, na ninyi wababa muliotoka sasa hivi ku poste ya usiku, leo tunawaletea maisha ya mutu wa zamani sana. Jina lake John Howard, Mwingereza. Alikufa mwaka 1790. Hakuwa mufalme, hakuwa jenerali, hakuwa mupadri. Alikuwa tajiri mwenye mashamba, mutu wa afya kidogo, ambaye angeweza kukaa kwake na kunywa chai mupaka kifo. Lakini aliacha nyumba yake na kwenda kuingia mu buloko, moja baada ya ingine, bila mutu kumutuma.

Buloko tunaijua. Mu kambi zetu, ni jamaa ngapi hazina mutu aliyelala kule hata siku mbili? Ni juu ya deni, ni juu ya ugomvi ku nganda, ni juu ya kipande cha jiwe kilichopatikana mu mufuko. Na wanaorudia hawaleti habari moja. Mumoja anasema kule alikula na alilala. Mwengine anarudia mifupa tupu, na anaogopa hata sauti ya mulango. Kosa lilikuwa moja, siku zilikuwa sawasawa. Sasa tofauti inatoka wapi? John Howard njo mutu aliyekamata ulizo hili na kulifuata kwa miguu, kwa farasi na kwa mashua, miaka 17, mupaka likamuua.

Feza ya baba na usiku wa Brest

Alizaliwa mwaka 1726, upande wa London. Mama yake alikufa yeye akingali mutoto mudogo. Baba yake alikuwa anauzisha vitanda na vitambaa vya nyumba, na alipata mali mingi. Mutoto hakuwa hodari mu masomo. Walimutia kwa wachuuzi wa vyakula kule London ajifunze biashara, lakini mwaka 1742 baba alikufa, akamuachia uriti wa kutosha. Kijana akaacha duka, akaenda kutembea Ufaransa na Italia.

Kisha aliugua sana. Mama mwenye nyumba alimokuwa anapanga, mujane jina lake Sarah, alimuchunga mupaka akapona. Howard alimuoa juu ya kumushukuru, hata kama ule mama alimupita zaidi ya miaka 20. Mwaka 1755 Sarah alikufa.

Mwaka ule ule tetemeko kubwa la inchi lilivunja muji wa Lisbonne, kule Ureno. Howard akapanda meli mwaka 1756 aende kuona na kusaidia. Hakufika. Uingereza na Ufaransa walikuwa wanaelekea vita, na meli yake ilikamatwa na Wafaransa. Walimupeleka yeye na wenzake mu muji wa Brest, wakawatupa mu chumba cha chini ya ngome. Walikuwa tayari wamepita karibu siku mbili bila chakula na bila maji. Walilala siku sita juu ya majani makavu. Nyama waliyoletewa ilitupwa ndani sawa vile watu wanatupia imbwa, hakuna kisu, kila mumoja akajikatia kwa meno.

Juu alikuwa mutu wa cheo, walimubadilisha na ofisa mumoja Mufaransa, akarudia kwao. Lakini alienda mbio kwa wakubwa wa Uingereza kuombea mabaharia waliobakia, na wengi waliokolewa. Kwa miaka mingi kisha hapo hakufanya kitu kingine juu ya magereza. Ila mutu aliyekunywa ile giza hawezi kuisahau.

Bwana wa Cardington

Alijenga maisha yake mu kijiji cha Cardington, karibu na muji wa Bedford. Mwaka 1758 alioa mara ya pili, bibi Henrietta. Pamoja walibomoa nyumba mbaya za watu waliokuwa wanalima mashamba yao, wakajenga zingine za nguvu, na wakalipia watoto masomo. Lakini tuseme ukweli wote: Howard alikuwa bwana mukali. Mutu aliyepanga kwake ilimupasa kusali, kuacha pombe na kutii. Yeye mwenyewe hakukula nyama, hakukunywa divai, aliamuka kungali giza. Alitaka dunia yote iishi vile.

Mwaka 1765 Henrietta alizaa mutoto mwanaume. Siku chache kisha hapo, mama akafa. Howard akabakia na kitoto na huzuni. Yule mutoto tutamurudilia.

Mulinzi asiye na mushahara

Mwaka 1773 walimuweka sherifu wa jimbo la Bedford. Ilikuwa kazi ya heshima, ya mwaka mumoja, na gereza la jimbo lilikuwa chini yake. Masherifu wengine walikuwa wanavaa nguo nzuri, wanasindikiza waamuzi ku tribinali, na buloko wanaiachia wadogo wao. Howard akaingia ndani kuona.

Alikuta jambo ambalo lilimushinda kuelewa. Watu waliohukumiwa mbele ya waamuzi na kuonekana hawana kosa, walikuwa wanarudishwa mu gereza. Wengine walikuwa wamefungwa miezi mingi, mwenye kuwashitaki hata hakufika, na bado hawatoki. Kwa nini? Walikuwa hawajalipa mukubwa wa gereza. Ule mukubwa hakuwa na mushahara. Aliishi na feza aliyotosha kwa wafungwa: feza ya kuingia, feza ya kutoka, feza ya kitanda. Asiyelipa, hata kama hana kosa, anakaa.

Howard hakumutukana ule mulinzi. Aliona kama ubaya haukuanzia mu moyo wa mutu mumoja, ulianzia mu namna ya kumulipa. Mulinzi anayekula kwa mufungwa, ni lazima amukamue. Akaenda kwa waamuzi wa jimbo, akaomba wamupe ule mulinzi mushahara na wafute zile feza. Waamuzi wakasema jambo ni zuri, lakini atafute kwanza jimbo lingine lenye kufanya vile. Pengine walizani itaishia pale. Howard akapandisha farasi, akaenda majimbo ya jirani kutafuta mufano. Hakuupata. Kila fasi alikuta ile desturi, na mambo mengine mabaya kuipita.

Mita, mizani na kitabu kidogo

Wachimbaji watapenda namna yake ya kutumika. Hakutegemea maneno ya wakubwa. Alishuka mwenyewe mu vyumba vya chini, na taa mukononi, kule hata walinzi wengine waliogopa kushuka juu ya homa. Alipima urefu, upana na kimo cha chumba. Alihesabu watu. Aliweka mukate wa mufungwa ku mizani. Aliuliza maji yanatoka wapi, majani ya kulalia yanabadilishwa siku gani, daktari anafika mara ngapi, pombe inauzishwa na nani. Yote aliandika mu kitabu chake kidogo. Harufu ya magereza iliingia mupaka mu kile kitabu, hata ikamupasa kukikausha ku moto kabla ya kukifungua, na nguo zake zilinuka sana, akaacha gari la kufungwa na kupendelea farasi, apate hewa.

Mambo aliyoyaona, ninyi munaofanya kazi chini ya udongo mutayaelewa kupita wengine. Kule Plymouth kulikuwa chumba kifupi, mutu muzima hawezi kusimama muzuri, na mulango wake ulikuwa na kitundu kidogo tu. Wanaume watatu walikaa mule karibu miezi miwili. Walienda ku kile kitundu mumoja mumoja, kwa zamu, kuvuta pumzi. Fasi zingine madirisha yalifungwa kwa matofali. Si juu ya kuzuia watu wasitoroke, hapana. Serikali ilikuwa na kodi ya madirisha, na mukubwa wa gereza njo alipaswa kuilipa. Aliziba dirisha apunguze kodi, na hewa ikaisha.

Kule Ely, gereza lilikuwa mali ya askofu. Nyumba ilikuwa dhaifu, kuta zinaweza kutobolewa. Pahali pa kutengeneza ukuta, walilalisha wafungwa chali, wakawafunga na minyororo ku sakafu, na kola ya chuma yenye miiba ku shingo. Magereza mingine yalikuwa mali ya watu wakubwa wa inchi, wanayapangisha sawa vile mutu anapangisha duka. Mulinzi anamulipa mwenye nyumba, mufungwa anamulipa mulinzi. Tena mulinzi aliuzisha pombe ndani, kwa hiyo alipenda wafungwa walewe. Na mufungwa mupya, wenzake walimuomba feza ya kuingia; asiyekuwa nayo walimuvua nguo. Kama kuna musomaji anayeona desturi hii si ngeni kwake, ajue ni ya zamani sana.

Halafu kulikuwa homa ya gereza. Leo tunajua ni tifusi, ile inayoletwa na chawa. Si tifoide ya maji machafu. Wakati ule walizani ni harufu. Howard aliandika kama homa ile iliua wafungwa wengi kuliko kamba ya kunyongea. Na haikubakia ndani. Mwaka 1750, kule London, wafungwa waliletwa mbele ya waamuzi, wakaambukiza tribinali: waamuzi, meya wa muji na watu wengine zaidi ya 40 wakafa. Buloko mbaya haichague.

Sheria mbili

Mwaka 1774 Bunge la Uingereza lilimuita Howard aeleze. Wabunge walimushukuru mbele ya wote. Mwaka ule ule wakapitisha sheria mbili. Ya kwanza: mutu asiyekuwa na kosa atoke mara moja bila kulipa, na jimbo njo limulipe mulinzi ile feza. Ya pili: vyumba visafishwe, kuta zipakwe chokaa, hewa iingie, wagonjwa wawekwe pembeni na daktari aje.

Howard alijua wakubwa. Alichapisha zile sheria kwa feza yake, akatuma karatasi ku magereza ya inchi yote. Kisha akapanda farasi tena kwenda kuangalia kama zinafuatwa. Fasi nyingi hapana. Njo maana alikuwa anarudilia gereza moja mara mbili, mara tatu, mara ine. Kwake, ziara ya mara moja haikutosha: siku ya kwanza wanakuonyesha sakafu iliyofagiliwa.

Mwaka 1777 alitosha kitabu kikubwa juu ya hali ya magereza ya Uingereza na Wales. Mule alitoa hesabu: wafungwa 4.084, na katikati yao 2.437 walikuwa watu wa deni. Sikia muzuri: zaidi ya nusu hawakuua, hawakuiba. Walikuwa na deni, na walifungwa fasi ambayo mutu hapati feza ya kulipa deni. Mara mingi watu wa deni hawakuwa hata na haki ya mukate, jamaa njo ililazimishwa kuleta chakula.

Gand: nyumba moja, maisha mbili

Howard alitaka kujua kama kuna fasi ingine mambo yanaenda namna ingine. Alizunguka Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani, Uswisi, Italia, Urusi, Ureno, Uhispania na kwingine. Kule Paris alikataliwa kuingia Bastille. Akatafuta kitabu kilichokatazwa juu ya ile gereza, akakitia mu kiingereza na kukitangaza. Wakubwa wa Ufaransa hawakumusamehe.

Uholanzi ilimushangaza. Kule wafungwa walitumika, vyumba vilikuwa safi, watu wa deni walikuwa wachache, na waliohukumiwa kufa pia wachache. Lakini mufano tunaotaka mushike leo ni wa Gand, muji wa Ubelgiji, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya kaisari wa Austria.

Pale Gand walijenga gereza jipya mu miaka ya 1770, nyumba kubwa yenye pembe munane. Wanaume mbali, wanamuke mbali. Usiku kila mufungwa alilala peke yake, na kitanda, godoro na bulangeti yake. Muchana walitumika pamoja ku mashini za kufuma vitambaa, na sehemu ya mapato ya kazi ilikuwa yao. Howard alipofika mara ya kwanza alifurahi sana. Aliona watu wanatumika kwa kimya, na mulinzi hana haja ya kupiga. Akaandika sifa ya Gand mu kitabu, Ulaya yote ikasoma.

Mwaka 1783 akarudia Gand. Nyumba ilikuwa ile ile, pembe zake munane, kuta zake, vitanda vyake. Lakini mashini hazikuwako. Wachuuzi wamoja walikuwa wamelalamika kwa kaisari Joseph wa pili kama kazi ya wafungwa inawaharibia soko, na kaisari akakubali. Mashini zikauzishwa, chakula kikapunguzwa, watu wakabakia kukaa. Gereza lililokuwa mufano likawa sawa mengine. Howard aliandika ile vilevile, bila kuficha kama mufano wake ulikufa. Mwaka 1786, kule Vienne, alipokutana na kaisari mwenyewe, alimuambia bila woga ubaya wa magereza yake.

Sisi tunaona fundisho lote la maisha yake liko pale Gand. Ukuta haubadilishe mufungwa. Anayebadilisha ni ule anayeshika funguo, na kile kinachomupatia ule mutu faida. Kama faida iko mu kazi iliyofanyika muzuri, mufungwa anakula na anajifunza. Kama faida iko mu mateso yake, atateswa, hata ndani ya nyumba mupya yenye rangi nyeupe.

Mutoto aliyesahauliwa

Sasa turudilie mutoto. Huku baba anahesabu wafungwa wa Ulaya, kijana alikomaa mikononi mwa watumishi na walimu. Aliingia mu maisha mabaya, kisha akili ikamutoka. Baba alipokuwa Venise, barua zilimufikia. Moja ilisema kwao watu wanakusanya feza ya kumujengea sanamu. Ingine ilisema mwana wake ameharibika. Howard aliomba ile sanamu isimamishwe, na ikasimamishwa. Mwana, hakukuwa wa kumusimamisha. Mwaka 1787 walimufunga mu nyumba ya wagonjwa wa akili kule Leicester, na alikufa kijana, mwaka 1799. Adui wa Howard walisema alichunga watoto wa wengine na kuacha wake. Rafiki zake walikana. Sisi tunasema paka hivi: njia yake ilikuwa na bei, na si yeye peke aliyeilipa.

Ile Venise yenyewe alienda juu ya nini? Alitaka kujua namna wanachunga wasafiri wanaozaniwa kuwa na ugonjwa wa tauni. Hakuuliza kwa mudomo. Alichagua makusudi meli iliyotoka Smyrna, fasi yenye tauni, ili wamufunge nao. Njiani wanyanganyi wa bahari wakawashambulia. Kisha akafungwa siku 42 mu karantini ya Venise, mu chumba cha unyevu, akapaka ukuta chokaa kwa mikono yake.

Kifo mu Kherson

Mwaka 1789 alitoka kwao mara ya mwisho. Alienda Urusi, iliyokuwa inapigana na Waturuki, na kule akakuta maaskari wadogo wanakufa mu hospitali chafu kupita wanaokufa mu vita. Kule Kherson, karibu na Bahari Nyeusi, alienda kuangalia bibi mumoja kijana aliyekuwa na homa. Homa ikamushika naye. Alikufa tarehe 20 Januari 1790, na miaka 63. Aliomba wamuzike bila fahari, mu shamba, na juu ya kaburi waweke tu saa ya jua. Alikuwa ametembea zaidi ya kilometa 67.000 na kumaliza karibu pound 30.000 za mali yake. Kisha kufa hakuweza tena kukataa sanamu: waliiweka ndani ya kanisa kubwa la Saint Paul, London.

Si kila kitu alichotaka kilikwenda muzuri. Alipenda mufungwa alale peke yake usiku apumuzike na kufikiri. Wengine kisha yeye wakaongeza, wakafunga watu peke yao usiku na muchana, miezi na miezi, wengi wakapoteza akili. Howard alikuwa ameandika mapema kama upweke wa siku zote unapita nguvu ya mwanadamu. Walishika neno moja, wakaacha lingine.

Wandugu, kesho ama kesho kutwa mumoja wetu atapeleka chakula ku mulango wa buloko, juu ya ndugu ama jirani. Tusiangalie paka urefu wa ukuta. Tuulize vile yeye aliuliza: mulinzi huyu analipwa na nani, na mushahara unafika? Mutu akipewa uhuru na tribinali, anatoka siku ile? Hewa inaingia? Mukate una uzito gani? Mukubwa wa kuangalia anakuja siku isiyotangazwa, na anarudia mara ya pili? Tajiri mumoja, muzaifu wa mwili, aliuliza haya mwaka 1773, na waamuzi wakamutuma kutafuta mufano. Maulizo yake bado yako na kazi.